Namba ya gari ni ya mgeni: hotuba kwa wazimamoto na watu wa mawasiliano

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu salama, na nyinyi vijana mlioanza mafunzo juzi juzi karibuni sana. Nimeombwa niongee kuhusu namba za magari ya zimamoto na namna tunavyoongea kwenye redio tukiwa eneo la tukio, na najua kuna watu humu ndani wakisikia "namba za magari" wanaona hiyo ni kazi ya ofisini, mambo ya rangi na stensili, tuyamalize haraka twende kwenye mipira ya maji na ngazi. Mimi naona ni kinyume kabisa, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Nianze na swali. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa gari, na juu kwenye paa, imeandikwa kwa ajili ya nani? Sio dereva, dereva gari lake analijua hata gizani. Sio watu wa kituo chenu, nyie mnajuana kwa sauti tu. Namba ile inamhusu mtu ambaye hajawahi kukuona: kamanda aliyetoka kikosi kingine, mtu wa kontroo rumu, kile chumba kinachopokea simu na kutuma magari, aliyeingia zamu nusu saa iliyopita, rubani wa helikopta anayeangalia mapaa ya magari kumi na tano kwenye moshi anataka ajue lipi ni lipi. Namba ni ya mgeni. Na maneno ya redioni vile vile ni ya mgeni. Kila nitakachosema leo kinatoka hapo.

Gari likifika, yule mgeni anataka ajue mambo matatu bila kuuliza: wewe ni nani, umekuja na nini, umetoka wapi. Kila nchi na kila mji umejaribu kuyabeba hayo matatu kwa njia yake, na ukiangalia walivyofanya unajifunza mengi.

Marekani njia ya kawaida ni aina ya gari halafu namba. Injini ni gari la pampu, lina tenki la maji na mipira. Ngazi, wengine wanaita traki, ni gari la ngazi ndefu na vifaa vya kubomolea na kutoa moshi. Kuna reskyu, yaani gari la uokoaji, kuna batalioni ambayo ni gari la mkubwa anayesimamia vituo kadhaa. Sehemu nyingi namba inafuata kituo, kwa hiyo kituo cha 7 kina Injini 7, Ngazi 7, Ambulensi 7. Rahisi, ukisikia 7 unajua limetoka wapi. Ila hapo hapo kuna mtego, mtu akibonyeza redio akasema "Saba hapa, tumefika", ni saba yupi? Yako matatu barabarani. Kwa hiyo aina ya gari haiachwi hata siku moja, hata kama uko peke yako kwenye chaneli, maana mazoea ya siku tulivu ndo yanayotoka mdomoni siku mbaya.

New York wao ni tofauti. Pale kila kampuni ya injini ina namba yake na kila kampuni ya ngazi ina namba yake, zilihesabiwa kila upande kivyake tangu karne ya 19, kwa hiyo kwenye nyumba moja unakuta Injini 54, Ngazi 4 na Batalioni 9 wanalala pamoja. Kuna kituo cha Injini 10 na Ngazi 10, hapo zimelingana, lakini hiyo sio kawaida yao. Mtu wa ndani kwao anazijua zote kichwani, na zile namba zina heshima kubwa, wazee wamekufa nazo. Siwezi kuwalaumu. Lakini mgeni akiingia pale usiku namba haimwambii kitu kuhusu mahali.

Los Angeles jiji wana kitu nakipenda sana. Gari la ngazi kule linatembea na pampu yake ya pili, na pampu hiyo inapewa namba ya kituo ukiongeza 200. Kituo cha 1 kina Injini 1, halafu ile inayoongozana na ngazi inaitwa Injini 201. Ukisikia 201 unajua kituo, na unajua kwamba hiyo ni pampu ya kwenye msafara wa ngazi, yote kwa tarakimu tatu. Ngazi na 201 wakienda wawili wanaitwa kwa jina moja, wakiongezeka na Injini 1 wanaitwa kwa jina lingine, kwa hiyo kamanda anaomba jina moja tu anapata kifurushi kizima cha magari na watu, hahitaji kutaja moja moja.

Lakini mfano ambao ningependa mtoke nao humu ndani ni wa kaskazini mwa Virginia, jirani na Washington. Kule kuna miji na kaunti nyingi zimebanana, moto ukiwaka mpakani linakuja gari lililo karibu, haijalishi ni la nani. Wakakaa wakagawana namba. Arlington wakachukua mia moja, Alexandria mia mbili, viwanja vya ndege mia tatu, Fairfax mia nne, na majirani wengine wakaendelea juu. Kituo cha 1 cha Fairfax gari lake ni Injini 401, kituo cha 1 cha Arlington gari lake ni Injini 101. Hakuna Injini 1 mbili. Yaani tarakimu ya kwanza inakwambia jirani gani, mbili zinazofuata zinakwambia kituo gani. Tarehe 11 Septemba 2001 ndege ilipogonga Pentagon, jengo lile liko Arlington, na zimamoto wa Arlington ndio waliosimamia tukio, wakaja majirani wote hao kusaidia. Sasa fikiria kama kila mmoja angekuja na Injini 1 yake.

Ujerumani wamefika mbali zaidi, gari lenyewe halitajwi kwa aina, linatajwa kwa namba ya aina. Redioni wanaanza na jina Florian, huyo ni mtakatifu msimamizi wa wazimamoto, halafu mji, halafu namba tatu: kituo, aina ya gari, na ni la ngapi la aina hiyo. Kwenye jimbo la Bavaria 30 ni gari la ngazi, 40 ni gari la pampu na kikosi. Kwa hiyo "Florian mji fulani, moja, thelathini, moja" ni ngazi ya kwanza ya kituo cha kwanza. Safi sana kwa wanaojua jedwali. Shida majimbo hayatumii jedwali moja, ukivuka mpaka wa jimbo namba inaweza kumaanisha gari lingine. London nao wana herufi na namba ya kituo, halafu tarakimu ya mwisho ni gari, kwa mfano kituo cha North Kensington ni G27, gari lake la kwanza lenye ngazi na pampu ni G271, pampu ya pili ni G272.

Kabla sijatoka kwenye namba, hili la gari la akiba linachanganya watu kila siku. Namba ya wito ni ya kikosi, sio ya chuma. Gari la Injini 3 likienda gereji, gari la akiba linalochukua nafasi yake linakuwa Injini 3 siku hiyo, kwa sababu watu ni wale wale na kituo ni kile kile. Lile chuma lina namba yake ya fundi na ya ofisi, ibaki kwa fundi na ofisi. Na ile plati au kibao cha namba kihamishwe kweli, maana gari lililoandikwa 9 ubavuni likijiita 3 redioni unamfanya kamanda aangalie nje ya dirisha aone uongo. Na akiba wakati mwingine halina vifaa vyote, pengine tenki dogo au ngazi fupi, basi sema mapema kwa kontroo.

Haya. Tuje kwenye maneno sasa.

Mwaka 1904, Februari, mji wa Baltimore uliungua, majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Msaada ulikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia, New York, watu wako tayari, pampu ziko tayari, na mipira mingi ikagoma kuunga kwenye haidranti za Baltimore, yale mabomba ya barabarani ya maji ya zimamoto, kwa sababu nyuzi za kuzungushia hazikulingana. Maji yapo, watu wapo, kiungo hakipo. Baada ya hapo Wamarekani wakaanza kupigania kipimo kimoja cha viungo. Kwa maneno ilichukua muda mrefu zaidi kuona kwamba shida ni ile ile.

Mwaka 1970, California, moto wa nyika uliwaka kwa siku 13, watu 16 wakafa, nyumba na majengo zaidi ya 700 yakaisha. Walivyokaa chini baadaye kujiuliza, hawakusema walikosa ujasiri wala magari. Walisema kila idara ilikuja na redio zake, msamiati wake, mpangilio wake wa vyeo, mtu mmoja anapokea ripoti kutoka kwa watu wengi kuliko uwezo wake. Hapo ndo ukazaliwa mradi ulioitwa FIRESCOPE, na kutoka huko ukaja mfumo wa kusimamia tukio ambao leo unatumika sehemu nyingi, wenye kamanda mmoja, majina ya kazi yaliyo sawa kwa wote, na mtu mmoja kusimamia kati ya watu watatu na saba, watano ndo inapendeza.

Mfano wa neno: tanka. Sehemu nyingi za mashariki ya Marekani ukisema tanka unapata lori la kubeba maji. California na kwenye mioto ya nyika tanka ni ndege inayomwaga dawa ya moto, lori wanaliita jina lingine. Sasa kamanda mgeni anabonyeza redio anaomba "tanka mbili haraka", anasubiri maji barabarani na wenzake wanapiga simu uwanja wa ndege. Hakuna mjinga hapo, kila mtu amesikia sawasawa. Ndio maana ule mfumo ulikubaliana tanka ni ndege basi, lori ni tenda ya maji, na ndio maana magari yanapangwa kwa aina zenye vipimo. Injini ya Aina 1 lazima isukume maji angalau galoni 1,000 kwa dakika na iwe na watu 4. Aina 3 ni ile ya kupanda vilima, tenki lisipungue galoni 500. Aina 6 ni pikapu yenye tenki la galoni 150 na kuendelea, watu wawili. Ukiomba "injini tano za Aina 3" hakuna mjadala, na zikija tano za aina moja zikiwa na kiongozi mmoja na chaneli moja hiyo ni timu ina jina lake, unaongea na kiongozi tu.

Alafu kuna hizi kodi za namba, yaani misimbo, namba inayotajwa badala ya maneno, kumi-nne, kumi-saba, mnazisikia. Zilianza kwa polisi zamani redio zilivyokuwa mbovu, maneno mafupi yalisaidia. Shida kila idara ilitengeneza kumi zake, kumi-hamsini ya huyu ni ajali, ya yule ni kitu kingine. Kuanzia 2006 serikali kuu ya Marekani iliweka sharti kwamba idara tofauti zikikutana kwenye tukio moja ziongee lugha ya kawaida. New York bado wana kodi zao, wakisema 10-75 kila mzimamoto wa pale anajua kuna moto wa kweli unafanyiwa kazi, na kwao inaenda haraka. Msimamo wangu mimi ni huu, na najua wapo wakubwa hapa hawatakubaliana nami: kodi ziachwe kabisa. Mtu haongei lugha mbili vizuri akiwa na presha ya damu juu. Ukizoea kodi siku za kawaida, siku mgeni amekuja utaongea kodi, huwezi kubadilika pale pale. "Tumefika, nyumba ya ghorofa mbili, moshi mzito unatoka juu nyuma" inachukua sekunde ngapi? Chache sana, na ambulensi ameelewa, polisi ameelewa, jirani aliyekuja kusaidia ameelewa.

Na hiyo sentensi niliyotoa ndo ripoti ya kwanza, nataka tukae hapo kidogo. Gari la kwanza kufika ndo macho ya kila mtu ambaye bado yuko njiani. Taja gari lako, taja jengo likoje na ghorofa ngapi, unaona nini, unaanza kufanya nini, na nani ndo kamanda. Kama huoni kitu sema huoni kitu, usikae kimya, maana walioko njiani kimya wanakijaza na mawazo yao. Kamanda anapewa jina la mahali, Kamanda wa barabara fulani, na jina hilo halibadiliki hata mtu akibadilika. Mkubwa akifika anapokea uso kwa uso, anatangaza redioni kwamba sasa kamanda ni yeye, na anayeongea kutoka ndani anaendelea kuita "Kamanda" vile vile, hana haja ya kujua ni nani ameshika ile redio. Ni kama ile Injini 3 na gari la akiba, jina ni la kazi.

Sasa pande za jengo. Kushoto na kulia tuvifukie. Kushoto kwa nani? Aliye mbele na aliye nyuma wanaangaliana, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Kwa hiyo upande wenye anwani, ule wa barabarani, unaitwa Alfa. Ukizunguka kama mshale wa saa, ubavu wa kushoto ukiwa umesimama mbele ni Bravo, nyuma ni Charlie, ubavu wa kulia ni Delta. Jengo la jirani upande wa Bravo nalo ni Bravo, la pili yake ni Bravo mbili. Uingereza wanatumia sekta 1, 2, 3, 4 kuanzia mbele kuzunguka hivyo hivyo. Herufi au namba mimi sijali, muhimu wote tutumie mfumo mmoja, na kama jengo liko kwenye kona na lina milango mikubwa miwili basi kamanda wa kwanza aseme Alfa ni barabara ipi, aseme mara moja iishe.

Ghorofa ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Marekani ya chini kabisa ndo ya kwanza. Uingereza ya chini ni ya chini, ya kwanza ni ile unayopanda ngazi. Na sisi tunaoongea Kiswahili ukimuuliza mtu "ghorofa ya pili" ni ipi watu wawili watakupa majibu mawili, jaribuni hapa hapa na jirani yako kwenye kiti. Kwa hiyo kwenye mfumo wa tukio tunahesabu ghorofa iliyo usawa wa barabara kuwa 1, juu yake 2, na ukiwa na wasiwasi sema "ya 3 ukihesabu na ya chini".

Kwa nini nasisitiza, ni kwa sababu ya Grenfell. London, tarehe 14 Juni 2017, jengo refu, moto ulianza kwenye flati 16 ghorofa ya 4, watu 72 wakafa. Uchunguzi ulieleza mengi, kuta za nje ndo chanzo cha kusambaa, mnajua, ila soma ile sehemu ya mawasiliano. Jengo lilikuwa limekarabatiwa, flati mpya ziliongezwa chini, namba za ghorofa zikabadilika, na alama za namba kwenye ngazi hazikuwa wazi na hazikuwa zimerekebishwa kufuata mabadiliko yale. Watu walio ndani wanapiga simu kontroo rumu wanasema tuko flati fulani ghorofa fulani. Taarifa inatoka kontroo inafika nje ya jengo, inaandikwa kwenye karatasi, karatasi inabebwa na mtu mpaka ndani, kule inaandikwa tena, na redio za mkononi ndani ya zege lile zinashindwa. Mzimamoto anapanda na hewa yenye dakika zake zinahesabika, moshi mweusi, anapapasa ukutani atafute namba ya ghorofa, na namba hiyo aidha haipo au ni ya zamani. Namba ile ilikuwa ya mgeni kuliko namba zote, na mgeni ndo huyo anapapasa. Mkienda kukagua majengo, naomba sana, pandeni ngazi mpaka juu muangalie kama namba za ghorofa zipo, ni kubwa, na ziko chini karibu na sakafu vile vile, maana moshi unaanza juu.

Redio yenyewe. Redio ya mkononi inabeba sauti moja kwa wakati mmoja. Wewe ukiwa umebonyeza, anayekufa hawezi kukuita. Kwa hiyo fikiria kwanza, bonyeza, subiri kama sekunde moja, ndo uongee. Hiyo sekunde sio mapambo, mitambo mingi inahitaji muda kidogo kufungua njia, na ukiongea huku unabonyeza silabi ya kwanza inakatika. Na Kiswahili chetu kimeweka ukanushi pale mwanzo kabisa. "Hakuna mtu ndani" ikikatwa kichwa inafika "kuna mtu ndani". "Hatumo ghorofa ya 2" inafika "tumo ghorofa ya 2". Mnaelewa uzito wake? Kamanda anapeleka watu kwenye moto kutafuta mtu ambaye hayupo, au anaamini kikosi kiko mahali ambapo hakipo. Kwa hiyo nawaomba kwenye majibu yenye uhai wa watu tusitegemee ile "ha". Semeni "Upekuzi umekamilika, vyumba vyote vitupu." Semeni "Tumetoka, wote wanne tuko nje upande Alfa." Neno zito liwe katikati ya sentensi, na litajwe kitu chenyewe.

Utaratibu wa kuita, unataja unayemwita kwanza kisha wewe mwenyewe, ili yeye ashtuke kwa jina lake kabla hujaanza kumwaga habari. "Kamanda, Injini Tatu." "Injini Tatu, sema." "Tuko ghorofa ya 2 upande Charlie, vyumba viwili vinawaka, maji tunayo, tunaomba ngazi dirisha la Charlie." Hapo kuna hali, kuna kazi, kuna mahitaji, basi. Na kamanda asijibu "nimekupata" peke yake, arudie: "Injini Tatu, uko ghorofa ya 2 Charlie, vyumba viwili, unataka ngazi Charlie." Akirudia vibaya unamrekebisha pale pale. "Nimekupata" tupu inathibitisha kwamba redio inafanya kazi, haithibitishi kwamba ameelewa. Namba zisomwe tarakimu moja moja, mbili-saba-moja, majina ya watu yasitumike kuita, kwenye tukio moja wanaweza kuwepo wakina Hassan watatu.

Ukiwa umevaa barakoa ya hewa weka maiki karibu na kile kitundu cha sauti, ongea kawaida, usipige kelele, kelele inaharibu. Na hizi redio za dijitali zina tabia yake, ile programu ndani yake imetengenezwa itambue sauti ya mtu, sasa ukiwa karibu na msumeno au ile kengele inayolia mzimamoto asiposogea, inachanganya kelele na sauti, kinachotoka upande wa pili ni matope. Geuza mgongo kwa kelele, sogea hatua mbili, ndo uongee.

New York, tarehe ile ile 11 Septemba 2001. Kwenye majengo pacha yaliyogongwa na ndege kulikuwa na mtambo wa kuongezea nguvu redio za zimamoto. Wakubwa walioko jengo la kaskazini waliujaribu wakaona haufanyi kazi, wakaenda chaneli nyingine. Tume iliyochunguza baadaye ilieleza kwamba mtambo ulikuwa na vitufe viwili, na cha pili, kile cha kuwashia mkono wa simu wa kuongelea pale mezani, hakikuwa kimewashwa. Jengo la kusini lilianguka saa 3:59 asubuhi kwa saa za New York. Amri ya kutoka ikatolewa redioni kwa walioko kaskazini, wengine waliisikia, wengine hawakuisikia, chaneli imejaa, zege limezuia, wengine hawakuwa kwenye chaneli hiyo. Helikopta za polisi zilikuwa zinaona hali ya jengo kutoka juu na zikasema, lakini walisema kwenye redio za polisi, na wakuu wa zimamoto hawakuwa na masikio huko. La kaskazini likaanguka saa 4:28. Wazimamoto 343 siku ile. Siwezi kutaja ile namba nikaendelea haraka haraka, samahani.

...

Hesabu ya watu. Kila anayeingia aachie kibao chake mlangoni, kamanda ajue nani yuko ndani, wako wangapi, wameingia saa ngapi. Uingereza kuna mtu kazi yake ni ubao tu, anapokea vibao, anapiga hesabu ya hewa, anajua kila timu itaishiwa saa ngapi. Sehemu nyingi kila baada ya muda maalumu kamanda anaita hesabu, kila kiongozi anajibu kwa namba ya watu anaowaona au kuwagusa, sio anaodhani wapo. Worcester, Massachusetts, Desemba 3, 1999, ghala la zamani la baridi, halina madirisha ya kueleweka, liliwaka moto, wazimamoto wawili waliingia kutafuta watu wakapotea kwenye moshi, wanne wakaingia kuwatafuta hao wakapotea pia. Sita walikufa. Mkuu aliyekuwa mlangoni akasimama akakataa mtu mwingine asiingie, na wenzake wanataka kuingia. Hiyo ndo kazi ya kamanda mwenye hesabu sahihi.

Na ukipotea wewe, ita ule wito wa kuomba kuokolewa: Meidei, Meidei, Meidei. Usione aibu, usisubiri hewa iishe, ita mapema. Halafu taja mahali ulipo, gari lako, jina lako, hapa jina linaruhusiwa na linatakiwa, ulikuwa unafanya nini na hewa imebaki kiasi gani, unahitaji nini. Bonyeza kile kitufe cha chungwa cha dharura, ndo maana kimewekwa. Wengine wote kimya kabisa, hata kama una habari nzuri, kaa nayo. Ukisikia amri ya kutoka redioni na honi za magari zinapiga kwa mfululizo, unaacha mpira hapo hapo unatoka, halafu hesabu inaitwa nje kikosi kwa kikosi.

Nimalizie na kazi ya leo maana muda umeenda. Kila kikosi kimepewa redio mbili na bahasha ina picha ya jengo, mmoja anakaa ukumbini ni kamanda, wengine mnaenda nyuma ya jengo ambako hamuonani. Mmechanganywa makusudi, hakuna anayekaa na mtu wa kituo chake. Kila mtu ataje gari kwa aina na namba kamili, pande kwa herufi, ghorofa kwa hesabu tuliyokubaliana, na kamanda arudie kila alichosikia. Watu wa mawasiliano mtarekodi, jioni tutasikiliza rekodi pamoja na tutasimamisha kila sehemu ambayo mgeni asingeelewa. Kikosi cha kwanza chaneli ya 3, cha pili chaneli ya 4, angalieni betri kabla hamjatoka.